Mbuzi Aliyebatizwa Kabla Yangu

Mimi ni mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta katikati ya habari. Nilizaliwa upande wa Kabati, Kitui, katika nyumba ambayo mvua ikinyesha tulihamisha vitanda, na ikikata tuliwafuata punda kwenda kutafuta maji. Leo nina nyumba ya paa jekundu linaloonekana kutoka barabarani, duka la mabomba na simiti, pikapu isiyosukumwa, na diploma ya ufundi wa maji ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akiketi kunywa chai hana pengine pa kutazama. Diploma hiyo niliisomea nikiwa Qatar, baada ya kushinda kutwa nikiunganisha mabomba kwenye majengo ambayo watu wa Kabati hawayaamini hata nikiwaonyesha picha. Hakuna aliyenisaidia. Mwaitu, yaani mama yangu, husema alinisaidia kwa maombi, nami simkatalii, kwa sababu ni mama.

Nimeyataja haya kwa kuwa habari yenyewe inahusu neema, na neema ni somo gumu kwa mtu ambaye kila alicho nacho anaweza kukuonyesha alikipataje.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kila kitu isipokuwa mke. Niliyempata ni binti wa Mbumbuni, ng'ambo ya mto, upande wa Makueni. Ni fundi wa kushona. Ana duka dogo pale sokoni, anashona sare za shule na magauni ya kwaya, na mdomo wake unakata kuliko mkasi wake. Siku ya kwanza nilimweleza kwa kirefu jinsi nilivyofika nilipofika. Alinisikiliza huku akitoboa matundu ya vifungo, kisha akauliza, "Na huyo mtu unayemsifu hivyo, siku moja utamleta nimwone?"

Nikajua nimepata mke.

Baba yake ni mzee wa kanisa. Mara ya kwanza nilipomtembelea kujitambulisha, niliongea tangu chai ilipoletwa hadi vikombe vilipoondolewa, na jibu lake kwa kila jambo lilikuwa moja: "Mm." Nilimwambia habari za Doha. "Mm." Nilimwambia habari za diploma. "Mm." Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja, ananitazama kama mtu anayekagua bomba ambalo hana nia ya kulinunua. Nilirudi Kabati nikiwa nimevunjika moyo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Lakini mimi ni Mkamba, na Mkamba anajua dawa ya mzee wa namna hiyo. Ni ntheo: wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kabla hujathubutu kumwita mkeo. Wengine hununua mbuzi wa kupitisha siku. Mimi niliteremka hadi Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, nikawachagua mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwapapasa mgongo kama daktari. Niliwapakia kwenye pikapu na kuwapeleka Mbumbuni polepole, ili watu wa njiani wapate nafasi ya kuona. Na mzee akabadilika siku hiyo hiyo. Alicheka. Alinishika bega. Mbuzi mmoja alipochinjwa, alinikatia ini kwa mkono wake.

Nikajiambia, umeona? Chagua mbuzi mzuri, mlango hufunguka. Imani yangu juu ya maisha ilikuwa hivyo hivyo tangu zamani, na sasa ilikuwa imepata ushahidi wenye pembe.

Basi likabaki jambo moja dogo, kama nilivyodhani. Siku tunapanga harusi, mzee alisema, "Kanisa letu halimfungishi ndoa mtu ambaye hajabatizwa. Na mimi ndiye mzee wa kanisa. Nikikupitisha wewe, wengine nitawaambia nini?"

Kwetu hakuna aliyekuwa amebatizwa tukiwa wadogo. Marehemu baba alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, na Jumapili yake aliitumia huko. Nikasema si kitu, nitabatizwa. Niliuliza ni lini. Nikaambiwa kuna ubatizo mmoja kabla ya Desemba, na mwingine ni mwaka ujao baada ya mavuno, mavuno yakiwepo.

"Gauni langu nimeshalimaliza," binti aliniambia tukiwa dukani kwake. "Nimelishona mwenyewe, na shanga nimezitia mwenyewe. Sitalifungia kwenye sanduku mwaka mzima nikingoja wewe uhitimu."

"Kuhitimu ndiyo kazi yangu," nilimwambia.

"Tutaona, mhandisi."

Darasa la ubatizo lilifanyika kila Jumapili baada ya ibada, kwenye mabenchi ya watoto. Wenzangu walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi, magoti yao yakinigusa mgongoni, pamoja na susu mmoja, yaani nyanya, mkongwe sana, ambaye alikuja na leso mbili: moja ya kujifunika na nyingine ya kuegemezea kichwa. Susu alilala tangu sala ya kufungua hadi sala ya kufunga. Mimi nilikaa mbele. Sikukosa hata Jumapili moja, na nilikuwa nikitoka wilaya nyingine kabisa, maana sisi wa zamani kidogo bado tunaita wilaya.

Mchungaji alikuwa mtu mfupi wa sauti ya chini. Alifuga nyuki kama marehemu baba, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuongea kwa haraka. Alitufundisha kwamba wokovu ni zawadi, kwamba hakuna anayeununua kwa matendo yake, na kwamba matendo mema huja baadaye, kama asante. Nilielewa yote. Kichwa changu hakina shida ya kuelewa. Nilidhani tu kwamba somo hilo liliandaliwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na matendo.

Jumapili ya kuulizwa ikafika. Swali lilikuwa moja kwa wote: ukifika kwenye mlango wa mbinguni, ukaulizwa kwa nini ufunguliwe, utajibu nini?

Mtoto wa kwanza akasema, "Kwa sababu Yesu alinifia."

"Umepita," mchungaji akasema.

Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Kisha ikawa zamu ya susu. Msichana aliyekaa karibu naye alimgusa bega.

"Ee?" susu akafumbua jicho moja. "Ni Yesu. Tumefika?"

"Umepita, susu. Lala."

Mimi nilisimama. Wengine walijibu wakiwa wamekaa, lakini huko nilikotoka mtu akihojiwa husimama. Nikakohoa kidogo. "Mchungaji, nianzie wapi?"

"Anzia unapotaka."

Nilianzia Kabati. Nilieleza habari za vitanda na mvua, nikapita kwenye karo ya shule niliyojitafutia kwa kuchimba mitaro, nikapanda ndege. Nilipofika kwenye diploma, mchungaji alikuwa amefumba macho, na nikafurahi kwamba anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nilimalizia na mabomba niliyoiwekea shule moja bila malipo, na kwamba pombe siinywi.

Mchungaji alifumbua macho. "Umejaribu," alisema kwa upole. "Njoo tena Jumapili ijayo."

"Mchungaji, susu alikuwa amelala."

"Ndiyo."

"Mimi sijakosa darasa hata mara moja."

"Tumekuona. Hata pikapu tumeiona. Ni nzuri."

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa mchumba wangu. Alikuwa anakunja vitambaa vya wiki hiyo. Aliuliza nilijibu nini, nikamwambia nilisema ukweli.

"Wote?"

"Nilifupisha."

Akaketi. "Jibu lenyewe ni maneno mawili. Hata wale watoto wamelisema."

"Silikosi kwa kutolijua. Nalijua. Lakini nikilisema naona kama nimeibia mtihani. Mtu hapewi cheti kwa kazi ya mwenzake."

"Hapo ndipo kanisa linapotofautiana na chuo chako," alisema. "Sasa sikiliza. Jumapili ijayo utasema hayo maneno, halafu ufunge mdomo. Unajua kufunga mdomo? Hivi." Akanionyesha. Ilionekana rahisi.

Jumapili iliyofuata nilisema jibu sawasawa. Yesu alinifia. Sikuongeza neno, sikupunguza. Mchungaji akatabasamu. Watoto wakatabasamu. Kisha pakawa na kimya, na mimi sipendi kuona kimya kinapotea bure.

"Na pia," nikasema.

Watoto wote waliguna kwa pamoja, kama watu wanaotazama mpira ukigonga mwamba wa goli.

Hapo niliamua kuliacha jambo la maneno na kulikabili kwa mikono, ambako mimi ni hodari zaidi. Tatizo la kanisa lile lilikuwa maji. Mto wao, kama mito yetu yote, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kila ubatizo ulipokaribia, ilibidi washirika wasafiri hadi bwawa la mbali, wakabatizwe kwenye matope huku ng'ombe wa watu wakiwatazama. Nikasema, nitawajengea kisima cha ubatizo hapo hapo uani kwa kanisa.

Kina mama walikuja na mwethya wao, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wakachimba shimo kwa siku chache tu, wakiimba. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe. Naomba msomaji akipita Mbumbuni akitazame. Kina cha kumfika mtu mzima kifuani. Taili za buluu kama za hoteli. Ngazi zenye reli ya chuma pembeni, ili wazee washike. Bomba la kutolea maji linaloelekea kwenye mipapai ya mchungaji, maji yasipotee. Hakijavuja tone hadi leo, na hakitavuja, maana najua nilichokifanya. Washirika walikijaza kwa punda, mitungi juu ya mitungi, kutwa nzima.

Siku ya kukifungua mchungaji alisali. Alishukuru kwa mchanga, akashukuru kwa kina mama, akashukuru kwa punda, kisha akashukuru "na kwa fundi". Fundi. Bila diploma, bila chochote. Nilivumilia. Baada ya amina alinisogelea, akaniuliza lile swali taratibu, kama mtu anayefungua mzinga.

"Kwa sababu nimejenga hiki," nikasema, nikinyoosha mkono kwenye kisima.

Aliinama, akagusa taili. Alizipenda, niliona. "Huo mlango wa mbinguni si wangu," alisema. "Ungekuwa wangu, kwa hizi taili ungepita."

Ubatizo ulikuwa Jumapili iliyofuata. Mchumba wangu alikuwa ameacha kunitania, na hilo lilinitisha zaidi ya utani. Aliniambia tu, "Gauni liko tayari. Mimi niko tayari. Kilichobaki ni wewe kunyamaza mbele za Mungu, na sijui kama nitaliona jambo hilo nikiwa hai." Kisha akaendelea kushona, nami nikaona amekosea mshono akaufumua, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

Usukani wa pikapu ndio uliokuwa mikononi mwangu wazo liliponijia. Nilijiuliza, ni lini mara ya mwisho nilikutana na mtu mgumu akalainika? Jibu nilikuwa nalo. Nilielekea Kambu.

Jumapili hiyo niliingia Mbumbuni nikiwa na mbuzi watatu nyuma ya pikapu, wazuri kuliko wale wa kwanza. Mmoja alikuwa beberu mweupe, mwenye ndevu za kuheshimika na shingo pana. Nilivaa suti niliyonunua Doha. Niliegesha chini ya kivuli cha ukuta wa kanisa, nikawafunga mbuzi kwenye bampa kwa kamba ya katani, nikiwaza maneno nitakayosema nikiwakabidhi: kwamba ni zawadi kwa kanisa, kufungua mlango.

Ibada ilikuwa inafanyikia uani, kuzunguka kisima. Kwaya ilikuwa imejipanga pembeni kwa magauni mapya ya zambarau, kazi ya mchumba wangu. Wiki nzima walikuwa wamefanya mazoezi ya jambo moja: kichwa cha mtu kikiibuka majini, waanze kuimba papo hapo, na kina mama wapige vigelegele, pasiwe na kuchelewa. Kiongozi wao alikuwa amewakemea sana juu ya kuchelewa.

Mchungaji alikuwa bado anavua viatu wakati mpiga kinanda alipowasha spika. Jenereta ilikohoa, spika ikapiga yowe moja kubwa, na beberu wangu akakata kamba.

Alipita katikati ya washirika kama mtu aliyechelewa. Wengine walimpisha wakidhani ni sehemu ya ratiba. Alifika ukingoni, akaziona zile taili za buluu, sijui alifikiri ni nini, akaruka. Maji yalimfunika kabisa. Kisha kichwa chake kikaibuka, ndevu zikichuruzika, macho yametoka.

Na kwaya ikaimba.

Siwalaumu. Kichwa kilikuwa kimeibuka. Waliimba vizuri, sauti zote nne, na vigelegele vikaja bila kuchelewa. Walipotambua wanamwimbia nani walikuwa wameshafika kwenye kibwagizo, na wimbo mzuri haukatwi kwenye kibwagizo.

Niliingia kumtoa. Nani mwingine? Kisima ni changu, mbuzi ni wangu. Nilishuka ngazi kwa utaratibu, suti na vyote, nikamshika pembe. Yeye akanasa pembe nyingine kwenye mfuko wa koti langu, akajivuta nyuma, na sote wawili tukazama. Tulipoibuka, kwaya iliimba tena. Hadi leo hawajanieleza kama mara hiyo waliniimbia mimi au yeye.

Baba mkwe alikuja mbio na fimbo yake. Alimdaka beberu shingoni, akamvuta juu, na beberu alipopata mguu wa kukanyaga alitoka kwa nguvu zote, akamwacha mzee ameketi kwenye ngazi ya pili, maji yakiwa yamemfika kiunoni. Kwa huyo kwaya haikuimba, kwa kuwa kichwa hakikuzama. Walishakuwa makini.

"Hawa mbuzi ni wa nini?" mzee aliuliza kutoka hapo alipoketi.

"Ni wa kanisa, baba."

"Wa kazi gani kanisani?"

Nilipangusa maji usoni. "Wa kufungua mlango. Kama ile ntheo."

Mzee alinitazama. Halafu aliwageukia watu. "Ntheo ya nani? Nani anaolewa hapa? Mchungaji?"

"Mimi nina mke," mchungaji alisema.

Watu walicheka hadi mpiga kinanda akaegemea spika. Mchumba wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni na taulo mikononi, ananitazama usoni.

"Kijana," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mimi nina miaka arobaini na kitu, lakini kwake ni kijana. "Unafikiri binti yangu nilikupa kwa sababu ya mbuzi?"

"Ulibadilika, baba. Kabla ya mbuzi ulikuwa unaniambia mm. Baada ya mbuzi ukanikatia ini."

"Nilikuwa naumwa na jino."

Nililitazama shavu lake.

"Jino la nyuma, hili hapa. Wiki ile ile nikaling'oa. Wewe ulikuwa unaniambia mambo ya Doha, mimi kichwa kizima kinagonga. Ningesema nini zaidi ya mm?" Alijaribu kusimama, akateleza, akaketi tena. "Mimi nilikuwa nimekubali hata kabla sijakuona. Huyu binti yangu alikuja nyumbani jioni moja, akaingia jikoni, akawa anachambua pojo huku anacheka peke yake. Nikamuuliza mama yake, ana nini huyu? Akasema ni mtu wa mabomba. Nikasema basi, akija mlango uko wazi. Mbuzi uliwaleta nikawapokea, nikawapenda, kwa sababu ni heshima na ni asante. Lakini hawakufungua kitu."

"Hata ningeleta kuku?"

"Ningekucheka kijiji kizima kisikie. Lakini ungempata."

Nilisimama ndani ya kisima nilichokijenga mwenyewe, maji ya punda yakinifika kifuani, koti limechanika mfuko. Niliwaza ile safari yangu ya kwanza kutoka Kambu, nilivyoendesha polepole kifua mbele, nikipeleka mbuzi kufungua mlango, na kumbe muda wote huo mlango uko wazi na mwenye nyumba ndani ameshika shavu. Kusema kweli nilikasirika kidogo. Ni vigumu kugundua kwamba kitu unachokithamini kuliko vyote ulipewa tu. Nilimtazama binti pale ukingoni na taulo lake. Sikuwa nimemchuma. Alikuwa amenicheka jikoni, basi, na mambo yakaisha.

Mchungaji alikuwa amechutama karibu yangu, miguu mitupu. Hakuongeza sauti. "Ukifika kwenye ule mlango," alisema, "utajibu nini?"

"Nitasema nimeukuta wazi," nikasema. "Mwana wa mwenye nyumba aliufungua. Mimi nimeingia tu."

Kikaja kimya. Kilikuwa kile kile, nilikijua. Watoto wa darasa waliinama mbele, macho yote kwenye mdomo wangu. Niliisikia "na pia" ikipanda kooni, na nyuma yake imepanga foleni diploma, na shule, na taili, na reli ya chuma. Mchumba wangu aliinua vidole viwili, akavifunga taratibu kama mkasi.

Nilinyamaza. Nasema bila kujisifu kwamba sijawahi kusikia mtu akinyamaza vizuri vile. Nilinyamaza hadi ndege wakasikika. Nilinyamaza hadi beberu akapiga chafya.

Ni susu aliyekivunja kimya. Alikuwa ameamka na kelele, na leso yake ya kichwa ilikuwa tayari begani. "Huyu amepita," alisema. "Mtoeni au mzamisheni, sisi wengine tunachomwa na jua."

Tulibatizwa. Susu aliingia wa kwanza, akashika reli ya chuma na kuisifu, jambo ambalo nimelihifadhi moyoni. Watoto walifuata, na mimi nikawa wa mwisho, nimeloa tayari. Maji yalikuwa na manyoya meupe yakielea, lakini hakuna aliyethubutu kutaja kuyamwaga mbele ya wenye punda. Nilipoibuka kwaya iliimba, na mara hii hapakuwa na wa kugombania wimbo.

Ugomvi ulikuja baadaye, kwenye mnada. Kanisani kwetu, vitu vilivyoletwa kama sadaka hunadiwa uani baada ya ibada: maboga, mayai, kuku, chochote. Mbuzi wawili walinunuliwa mara moja. Beberu hakupata mtu.

"Mimi sili mtu aliyeimbiwa," alisema mama mmoja.

"Si mtu. Na hakukiri," mzee mwingine alijibu.

"Alilia."

"Mbuzi hulia. Hiyo siyo toba."

"Basi mnunue wewe, ukamchinje."

Yule mzee alitazama saa yake, akasema ana safari. Waliulizana kama ubatizo bila darasa unahesabiwa, na mtu fulani akasema hata susu hakulisikiliza darasa, na susu akasema amesikia hilo. Mwishowe baba mkwe, suruali bado imeshikamana na miguu, alisema atakaa naye nyumbani kwake. "Ameingia bila kuleta kitu," alisema. "Huyo ndiye ameelewa somo kabla ya fundi wa mabomba."

Harusi ilifanyika Desemba kama ilivyopangwa. Gauni lilikuwa zuri mno, shanga zote mahali pake, na mwenye gauni aliniambia mbele ya madhabahu, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba nimependeza na nisijibu. Kwenye chakula kila mgeni wa Mbumbuni aliuliza kwanza nyama ni ya mbuzi yupi. Ilibidi beberu aletwe aonekane, mzima, akitafuna ua la karatasi la mapambo, ndipo watu wakala.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kambu, nikachagua mbuzi watatu, nikawapeleka kwa baba mkwe. Alitoka nje akiwa ameshika shavu, nami moyo ukastuka, lakini alikuwa anapangusa jasho tu.

"Umekosa nini tena?" aliuliza.

"Sijakosa kitu. Ni asante."

Aliwazunguka, akawafungua midomo, akatazama meno. Beberu mweupe alikuja naye akasimama kando yake, kama mzee wa kanisa mwenzake.

"Wawili ni wazuri," mzee alisema.

"Wote ni wazuri, baba," nilimwambia. "Nimewachagua mwenyewe."